Ndege Ikibadili Saa, Musoma Inabadili Siku

Mwanzoni mwa Novemba 2022 Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) iliutangazia umma kwamba ratiba zake zinabadilika. Baadhi ya ndege zake za Airbus A220-300 zilikuwa zimeegeshwa kwa sababu ya hitilafu za injini za Pratt & Whitney, tatizo lililozikumba pia kampuni za nchi nyingine zenye ndege za aina hiyo. Wiki hiyohiyo, tarehe 5, marubani wa Kenya Airways waligoma. Kesho yake asubuhi ndege ya Precision Air iliyokuwa ikienda Bukoba ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja, na watu 19 wakapoteza maisha. Kanda ya Ziwa haijaisahau wiki ile.

Mbele ya msiba wa Bukoba, habari ya tiketi iliyobadilishwa saa ni jambo dogo, na ni haki liwe dogo. Lakini msiba, kwa rehema za Mungu, huja mara chache. Ratiba hubadilika kila msimu, na hasara zake ndogondogo huwaangukia watu walewale: wanaokaa mbali na uwanja wa ndege. Katika Mkoa wa Mara, hao ni karibu kila mtu.

Mtu wa Musoma anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege kubwa huanza safari yake barabarani. Anapanda basi stendi ya Bweri, anapita Makutano, Kiabakari na Bunda, anaambaa ukingo wa Serengeti mpaka Lamadi, kisha Magu, Kisesa na Igoma, ndipo aingie Mwanza. Ni kilomita zipatazo 220, saa nne kwa basi linalokwenda vizuri, zaidi likisimama kila kituo kushusha na kupakia. Akishafika Mwanza bado hajafika uwanjani, maana uwanja uko nje ya mji, upande wa Ilemela. Wa Bunda ana nafuu ya saa moja na ushee. Wa Butiama inabidi kwanza ashuke Makutano kwa bodaboda au gari dogo, asimame kando ya barabara kuu kusubiri basi lenye nafasi. Uwanjani anatakiwa awe amefika angalau saa mbili kabla ya kuruka.

Sasa uingie ujumbe kwenye simu yake: ndege yako ya saa 8:10 mchana itaondoka saa 1:30 asubuhi. Tunasikitika kwa usumbufu. Bonyeza hapa kukubali.

Kwa anayekaa Ilemela ujumbe huo una maana ya kuamka mapema. Kwa wa Musoma una maana ya kusafiri jana yake, kutafuta gesti Mwanza, kula hotelini na kulipa teksi ya alfajiri. Kama ni mwalimu, ataomba ruhusa ya siku moja zaidi. Kama ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwigobero, atafunga siku moja zaidi. Kompyuta ya shirika imeandika kwamba ndege imewahishwa kwa saa sita na dakika arobaini. Haikuandika usiku mmoja wa gesti wala mshahara wa siku. Haiwezi kuandika, kwa sababu kwa hesabu yake safari ilianzia Mwanza.

Hapo ndipo penye shina la jambo hili. Tiketi inaijua safari kuanzia uwanja mpaka uwanja. Msafiri wa Mara anaijua kuanzia mlangoni kwake. Ratiba ikiguswa, pengo kati ya hesabu hizo mbili hulipwa na msafiri, na mara nyingi hulipa bila kujua kwamba alikuwa na njia ya kukataa.

Njia hiyo ipo. Mashirika ya ndege hutenganisha abiria anayebadili safari kwa hiari yake na abiria anayebadilishiwa na shirika. Wa kwanza hulipa faini, akaongeza na tofauti ya nauli. Wa pili, kwa masharti ya mashirika mengi, halipi. Anaweza kuhamishiwa safari nyingine ya shirika hilohilo inayomfaa, na mabadiliko yakiwa makubwa anaweza kudai nauli yake irudishwe, hata kama tiketi aliyonunua ilikuwa ya bei ya chini isiyorudishwa fedha. Kwa hiyo swali la kwanza kaunta au kwa wakala ni moja tu: nani amebadili? Akiwa ni shirika, sema hivyo mwanzoni mwa mazungumzo, na ulionyeshe lile tangazo lao. Wahudumu wenyewe wanaijua tofauti hii vizuri. Lakini mwenye foleni ndefu mbele yake hatakuanzishia habari ya haki ambayo hukuiuliza.

Kwa sababu hiyo kile kitufe cha kukubali kinahitaji utulivu. Ukishakibonyeza umeridhia saa mpya. Ukirudi kesho yake kusema kwamba basi la Musoma halitakufikisha, huenda ukahesabiwa kuwa sasa ni wewe unayetaka kubadili, na faini ikarudi mezani. Piga hesabu kwanza. Andika saa mpya ya ndege, toa saa mbili za uwanjani, toa saa moja ya kuvuka mji, toa saa za barabara, kisha toa na akiba ya tairi kupasuka na ukaguzi wa njiani. Hesabu ikikupeleka saa 7 usiku, jiulize kama lipo basi. Mabasi ya usiku yalikuwa marufuku nchini kwa miaka mingi mpaka zuio hilo lilipoondolewa mwaka 2023, lakini kuruhusiwa kwa mabasi hakumaanishi kwamba lipo moja litakalosimama Makutano saa hiyo kumchukua mtu wa Butiama. Hesabu ikikataa, usikubali. Jibu kwa kutaja safari unayoitaka, kwa namba yake na tarehe yake. Ukisema tu kwamba saa mpya haikufai, utapangiwa nyingine isiyokufaa.

Inafaa kueleza kwa nini mambo haya hutokea hata injini zikiwa nzima. Mashirika huanza kuuza tiketi karibu mwaka mzima kabla ya safari, wakati ambapo ratiba bado ni mpango. Usafiri wa anga duniani huendeshwa kwa misimu miwili: mmoja huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, mwingine Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kabla ya tarehe hizo mashirika hupanga upya ndege, marubani na nafasi za kutua katika viwanja vyenye msongamano. Aliyenunua mwezi Juni tiketi ya kurudi nyumbani Krismasi amenunua saa ambazo huenda zikaguswa Oktoba. Na shirika lenye ndege chache huzungusha ndege moja siku nzima: Dar es Salaam, Mwanza, Dar es Salaam, Dodoma, kisha kwingine. Ukisogeza safari ya asubuhi umezisogeza zote zinazofuata. Ikitolewa ndege moja kwenda matengenezo, mkoa mzima unaisikia.

Kuna jambo jingine linalowaumiza watu wa mikoani ambalo halina uhusiano na injini wala msimu. Wengi wetu hatukati tiketi wenyewe. Tunapitia wakala wa mjini Musoma au Bunda, tunalipa kwa simu, tunapokea karatasi au picha kwa WhatsApp. Wakala hutusaidia sana, hasa kwa safari za nje. Lakini mara nyingi katika nafasi ya mawasiliano ya abiria huandikwa namba na barua pepe ya wakala mwenyewe. Shirika likibadili saa, taarifa huenda kwake. Akiwa amefunga ofisi kwa msiba, au foleni ya taarifa kwenye kompyuta yake imejaa, abiria atazipata habari kaunta ya Mwanza, baada ya kilomita 220, anapoambiwa kwamba ndege yake iliondoka asubuhi.

Dawa ni kudai namba yako mwenyewe iandikwe kabla hujalipa, na kuisoma ilivyoandikwa. Kisha chukua ile namba ya uhifadhi, yenye herufi na tarakimu sita, uiingize pamoja na jina lako la ukoo kwenye tovuti ya shirika mara moja kwa wiki, na kila siku katika wiki ya mwisho. Na kama saa zimebadilishwa, muulize wakala kama tiketi yenyewe imetolewa upya. Uhifadhi na tiketi ni vitu viwili. Jina linaweza kuonekana kwenye safari mpya huku tiketi, ile yenye tarakimu 13 zinazoanza na 197 kwa Air Tanzania, 706 kwa Kenya Airways au 071 kwa Ethiopian, ikiwa bado imefungwa kwenye safari ya zamani. Hilo likigundulika siku tatu kabla, wakala hulimaliza kwa dakika chache. Likigundulika kaunta saa 11 alfajiri, pengine halimaliziki kabla mlango wa ndege haujafungwa.

Aliye katika hatari kubwa kuliko wote ni anayeunga safari kwa tiketi mbili. Mwanafunzi wa Bunda anakwenda masomoni, au kijana wa Musoma anakwenda kazini Muscat. Kaka mtu amemnunulia tiketi ya nje kutoka Dar es Salaam. Yeye amejinunulia ya Mwanza mpaka Dar es Salaam kwa shirika jingine, kwa sababu ilikuwa nafuu. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linajua kipande chake tu. Ndege ya Mwanza ikisogezwa mpaka usiku na ile ya nje ikaondoka, la kwanza litasema nilikufikisha Dar es Salaam, la pili litasema hukutokea. Yote mawili yatakuwa yamesema kweli kwa mujibu wa mikataba yao. Kama vipande hivyo vingekuwa kwenye tiketi moja, kazi ya kumtafutia njia nyingine ingekuwa ya shirika lililomuuzia. Tiketi moja huweza kuwa ghali zaidi. Kwa anayetoka Mara, mimi naihesabu ile nyongeza kuwa ni bima, na nawasihi wazazi wanaosafirisha watoto kwa mara ya kwanza wailipe. Asiyeweza, basi mtoto alale Dar es Salaam usiku mmoja kabla.

Usiku wa manane nao una mtego wake. Ndege nyingi za nje huondoka Dar es Salaam usiku. Safari iliyokuwa saa 5:50 usiku wa Ijumaa ikicheleweshwa kwa nusu saa, kwenye tiketi itasomeka 00:20, Jumamosi. Kwa desturi yetu huo bado ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na mtu anatakiwa awe uwanjani Ijumaa jioni. Anayeuona ujumbe mpya wenye neno Jumamosi, akaipeleka na ndege yake ya Mwanza mbele siku moja, atafika Dar es Salaam ndege ikiwa imeshatua ng'ambo zamani. Nusu saa ya shirika imekuwa siku nzima. Mpigie wakala, mwambie ataje kwa Kiswahili: usiku wa kuamkia siku gani?

Upande wa mbuga kuna sura nyingine ya tatizo hili, na mkoa unapoteza heshima na fedha kwa ajili yake. Viwanja vidogo vya Serengeti, kama Seronera, hutumiwa mchana tu. Havina taa za kutulia usiku. Wageni waliolala upande wa Ikoma au Grumeti hutolewa kwa ndege ndogo kwenda kuunganisha na ndege kubwa Arusha, Kilimanjaro au Mwanza. Shirika la nje likiwahisha safari yake ya mchana ikawa ya asubuhi mapema, mgeni hawezi kuruka alfajiri kuiwahi. Lazima aondoke mbugani siku moja kabla, na usiku aliokwisha kuulipia hotelini unapotea. Kampuni za utalii zinabaki katikati: mgeni anadai fedha zake, hoteli inasema chumba kilikuwa wazi kwa ajili yake, mwenye ndege ndogo ameshapanga abiria wengine. Kampuni makini huzipitia tena safari za wageni wote kila baada ya msimu wa ratiba kubadilika, zikaanza kupanga upya kabla mgeni hajapanda ndege kwao. Ni kazi inayochosha. Ndiyo inayookoa msimu.

Kisha kuna mabadiliko ambayo hayatoki kwa shirika wala kwa hali ya ndege, bali kwa serikali na mamlaka zake. Watu wa Tarime na Rorya wengi hupita Sirari kwenda Kenya na kupandia ndege Kisumu au Nairobi. Agosti mosi 2020, wakati wa mvutano wa masharti ya Uviko-19, Tanzania iliizuia Kenya Airways kuingia nchini, zuio likaondolewa Septemba. Januari 2024 zuio jingine lilitangazwa, kuanzia tarehe 22 mwezi huo, juu ya suala la vibali vya mizigo, likamalizwa kwa mazungumzo kabla ya siku kufika. Kabla ya hapo, Desemba 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ilitoa notisi ya kuifutia leseni Fastjet, kampuni iliyoingia Novemba 2012 na kuwapandisha ndege ya Mwanza watu wengi ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege. Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, wakati watu wa Kanda ya Ziwa wanarudi nyumbani. Katika hali kama hizo kilicho salama zaidi kudai ni nauli. Gesti, basi na siku za kazi zilizopotea huwa vigumu mno kuvirudisha. Kwa hiyo tunza risiti za nauli kuliko kitu kingine chochote.

Sheria zinasaidia kwa kiasi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unamwezesha abiria wa safari ya kimataifa kudai hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa shirika likithibitisha kwamba lilifanya yote yaliyowezekana kuuzuia. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: safari ikifutwa bila abiria kujulishwa angalau siku 14 kabla, anaweza kustahili fidia, mpaka euro 600 kwa safari ndefu, hata akiwa anaondokea Dar es Salaam kwenda Ulaya, mradi shirika ni la Ulaya. Marekani kwa kanuni za mwaka 2024 imesema kwamba safari ya kimataifa ikisogezwa kwa saa sita au zaidi, na abiria akakataa saa mpya, nauli irudishwe bila mizunguko. Wazazi wenye watoto huko wazijue namba hizi.

Hata hivyo, kanuni hizi zote hupima saa, na saa sita za mtu wa Frankfurt si saa sita za mtu wa Butiama. Kwa mgonjwa mwenye miadi ya moyo katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, saa tatu zinaweza kuwa miezi, kwa sababu miadi ikipita hupangwa upya mwisho wa foleni. Kwa familia inayosubiriwa mazishini, maana yake ni kufika kaburi limeshafukiwa. Sioni kanuni itakayoyapima hayo yote. Naona mambo matatu ambayo mashirika yetu yanayotua Mwanza yanaweza kuyafanya bila kusubiri sheria. Ujumbe wa mabadiliko uandikwe kwa Kiswahili, kwa saa zetu, uende kwa simu ya abiria mwenyewe hata akinunua kwa wakala. Abiria aruhusiwe kuchagua safari yoyote ya siku hiyo, ya jana yake au ya kesho yake, bila malipo, kwa kujibu ujumbe huohuo. Na ndege inapowahishwa kiasi cha kumlazimisha mtu wa mkoa jirani kulala Mwanza, gharama ya kulala iwe ya aliyeiwahisha. TCAA na baraza lake la watumiaji wa huduma za anga wanapokea malalamiko, lakini malalamiko huanzia kwa shirika, kwa maandishi, na wengi wetu hulalamika kwa mdomo pale kaunta kisha tukaondoka.

Hayo yanahitaji kupangwa sasa kwa sababu ya uwanja wa Musoma. Kwa miaka mingi njia yake ya kurukia ilikuwa ya changarawe, na serikali imekuwa ikiujenga upya kwa lami. Watu wanausubiri kwa hamu, na wana haki. Lakini miji midogo hupewa safari chache kwa wiki. Mwanza safari moja ikifutwa, inayofuata ni jioni hiyohiyo. Mji wenye safari tatu kwa wiki hungoja siku mbili. Shirika litakalouza tiketi ya Musoma liseme tangu siku ya kwanza litafanya nini ndege ikishindwa kuja: litamhamishia abiria ndege ya Mwanza kwa tiketi ileile, na litamtafutia gari la kumfikisha huko. Liandikwe kwenye masharti, na libandikwe ukutani pale Musoma, kwa herufi za kusomeka.